Wilhelm Gustloff: Rangi Tatu, Kazi Moja

Chini kabisa ndani ya meli ya Kijerumani iliyoitwa Wilhelm Gustloff, mbali na sitaha ambako abiria walipunga upepo, palikuwa na bwawa la kuogelea lenye kuta za vigae. Mwaka 1938 makarani, mafundi wa viwandani na wake zao waliteremka humo kuogelea huku meli ikikata mawimbi kuelekea Madeira. Usiku wa tarehe 30 Januari 1945 maji yalikuwa yamekwisha kutolewa, na sakafuni mwa bwawa lile lile walilazwa wasichana waliokuwa wasaidizi wa jeshi la majini. Daftari la meli lilionyesha kuwa wasaidizi hao walikuwa 373. Torpedo ya pili kati ya tatu zilizoipiga meli ilipasukia hapo, vigae vikawa visu, na waliotoka hai walikuwa wachache sana.

Kwa kawaida simulizi ya meli hii hukatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha raha: bendi, jua la kusini, viti vya kunyooshea miguu. Cha pili ni cha kilio: barafu, giza na maelfu ya maiti. Katikati huwekwa vita, kama ukuta unaotenga nyumba mbili, na msomaji huachwa aamini kwamba palikuwa na meli njema ya matembezi, kisha vita vikaja vikaiharibu. Safu hii inashikilia kinyume. Katika maisha yake mafupi meli ile ilipakwa rangi tatu: nyeupe ya matembezi, nyeupe yenye mkanda wa kijani ya hospitali, na kijivu ya jeshi. Kazi yake haikubadilika. Tangu siku iliposhushwa majini ilikuwa chombo cha dola cha kukusanya umati, kuupanga na kuupeleka dola ilikotaka. Likizo ilikuwa zamu ya kwanza ya kazi hiyo, vita vikawa zamu ya pili. Ushahidi uko katika namna meli ilivyojengwa, waliopandishwa, na walioachwa gatini.

Tuanze na aliyeijenga. Tarehe 2 Mei 1933, siku moja tu baada ya kuwafanyia wafanyakazi sherehe kubwa ya Mei Mosi, serikali ya Hitler ilivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima, ikawatia ndani viongozi wake na kutwaa mali zao. Mahali pa vyama hivyo pakawekwa chombo kimoja cha utawala, Deutsche Arbeitsfront, chini ya Robert Ley. Haki ya kugoma ikafutwa na mishahara ikawa inasimamiwa na maofisa wa serikali. Lakini waliofanya hayo walijua kwamba mkono mtupu haulambwi. Novemba mwaka huohuo Ley akaanzisha tawi la burudani lililoitwa Kraft durch Freude, yaani Nguvu kwa Njia ya Furaha, kwa kuiga mpango wa Mussolini wa kusimamia saa za mapumziko za Waitaliano. Tawi hilo liliuza tiketi za bei nafuu za tamthilia na matamasha, likapanga safari za treni za mwisho wa wiki, na kuanzia 1934 likaanza kukodi meli za kampuni zilizokosa abiria kwa sababu ya mdororo wa uchumi. Mojawapo, Dresden, iligonga mwamba katika pwani ya Norway Juni 1934 na ikapotea. Kukodi hakukutosha. Serikali ilitaka meli yake yenyewe.

Meli hiyo ilishushwa majini tarehe 5 Mei 1937 katika karakana ya Blohm & Voss mjini Hamburg, Hitler mwenyewe akitazama. Palikuwa na mpango iitwe kwa jina lake, lakini jina lililochaguliwa ni la Wilhelm Gustloff, mkuu wa tawi la chama cha Nazi nchini Uswisi, aliyepigwa risasi mjini Davos Februari 1936 na David Frankfurter, mwanafunzi Myahudi wa udaktari. Mjane wa Gustloff ndiye aliyeivunjia chupa meli hiyo. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Mtu akijenga nyumba ya mapumziko akaipa jina la aliyeuawa katika ugomvi wa chama chake, kila mgeni atakayelala humo atakuwa amealikwa kwenye ugomvi huo, ajue asijue. Abiria aliyeandika kadi ya posta kwa shangazi yake alitaja jina la shahidi wa chama kwa maelezo ya mahali alipo tu. Propaganda yenye nguvu ndiyo hiyo, ile ambayo mtu huitamka akidhani anazungumzia mambo mengine.

Maumbile ya meli nayo yanasema mengi. Ilikuwa na urefu wa mita 208.5 na upana unaokaribia mita 24, na kwa kipimo cha usajili ilifikia tani 25,484. Ilichukua abiria 1,463 wakihudumiwa na wafanyakazi 417. Injini zake za dizeli ziliisukuma kwa maili 15.5 za baharini kwa saa, mwendo wa kobe ukilinganisha na Bremen, meli ya Kijerumani ya 1929 iliyovunja rekodi ya Atlantiki kwa kuzidi maili 27. Upole huo ulikuwa wa makusudi. Meli za Atlantiki zilikimbia kwa sababu zilikuwa na pa kufika na washindani wa kuwapita; hii haikuwa na haraka, kwa kuwa safari yenyewe ndiyo iliyokuwa bidhaa. Haikuwa na shehena ya maana ya kubeba wala abiria wa kuwatenganisha kwa kuta na malango, hivyo sitaha zake ziliachwa wazi na pana kuliko ilivyozoeleka. Ndani palikuwa na kumbi kubwa za pamoja, ukumbi wa tamthilia, njia ya kutembelea iliyozungushiwa vioo, na vipaza sauti vya kuwafikia watu wote kwa mara moja. Ni meli iliyochorwa na watu waliofikiria umati kwanza, mtu mmoja mmoja baadaye.

Sifa iliyotangazwa kuliko zote ni kwamba meli ilikuwa ya daraja moja. Vyumba vilikuwa vya watu wawili au wanne, vyote vikitazama nje kuelekea baharini, na mabaharia wenyewe walilala katika vyumba vinavyofanana na vya abiria. Kwa mtu aliyezoea meli za zamani, ambamo tajiri alikula juu kwenye shuka nyeupe na maskini wakabanana chini karibu na mitambo, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na anayeyakana atakuwa hatendi haki. Ndipo hoja ya kwanza dhidi ya safu hii inapotokea: je, usawa si usawa, hata ukiletwa na mtawala mbaya? Jibu liko katika orodha ya abiria na katika gharama. Ingawa nauli ilishushwa kwa ruzuku, safari ndefu ya baharini bado ilimla mfanyakazi wa kiwandani mshahara wa wiki kadhaa, na taarifa za siri zilizokusanywa na Chama cha Social Democratic kikiwa uhamishoni zilirudia malalamiko kwamba nafasi bora ziliwaangukia makarani, watumishi wa serikali na makada. Wanahistoria waliochambua mpango huu, akiwemo Mmarekani Shelley Baranowski katika kitabu chake cha 2004, wameonyesha hivyohivyo: wafanyakazi wa mikono walikuwapo melini, ila kwa uwiano mdogo kuliko ilivyodaiwa na matangazo. Mamilioni waliofaidi mpango wa Ley walifaidi treni ya Jumapili, wala si bahari.

Zaidi ya hapo, daraja moja lilikuwa na ukuta wake, ila ukuta huo ulihamishwa kutoka ndani ya meli hadi gatini. Myahudi wa Ujerumani hakuwa na nafasi humo hata angekuwa na nauli mara mbili. Ulinganisho ulio wazi zaidi unapatikana katika mwezi mmoja na bandari moja. Tarehe 13 Mei 1939 meli nyingine, St. Louis, iliondoka Hamburg ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi wanaokimbia, ikielekea Havana ambako wengi wao walikataliwa kushuka. Ikalazimika kurudi Ulaya. Mwishoni mwa mwezi huohuo Wilhelm Gustloff iliingia Hamburg kwa shangwe. Usawa wa kundi lililokwisha kuchujwa ni rahisi kuutengeneza: kwanza waondoe usiowataka, kisha wapangie waliobaki vitanda vinavyofanana. Ndiyo maana daraja moja la meli hii haliwezi kusomwa kama hatua ya kijamaa. Lilikuwa picha ndogo ya taifa kama Wanazi walivyolitaka, taifa lisilo na tabaka kwa sababu limekwisha kuamua nani si mtu wake.

Hata njia ilizopita zilipangwa kwa mantiki hiyo. Meli za Kraft durch Freude zilikwenda Norway, Madeira, Italia na Libya iliyokuwa chini ya Italia. Katika ghuba za Norway abiria mara nyingi hawakuteremka kabisa. Waliona milima na maporomoko ya maji kutoka sitahani, kwa kuwa Ujerumani iliyokuwa ikijizatiti kwa silaha ilibana fedha za kigeni, na mtalii anayeshuka ni mtalii anayenunua. Kusini walishuka zaidi, katika Italia ya Mussolini na Ureno ya Salazar, nchi ambazo tawala zake hazikuwa adui. Walioshuka walionyeshwa vichochoro vya maskini wa nchi hizo, wakarudi melini wakijiona matajiri. Miongoni mwao walikuwapo mashushushu wa polisi wa siri waliojifanya watalii, na taarifa zao, ambazo baadhi zimesalia katika nyaraka za serikali, zinaeleza nani alinung'unika, nani alilewa, nani hakuinua mkono kwa salamu. Mtu alidhani yuko likizoni mbali na mkono wa serikali, kumbe serikali ilikuwa imekaa naye meza moja.

Hapa inakuja hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza: furaha ya wale watu ilikuwa ya kweli. Seremala aliyeona machweo ya Atlantiki kwa mara ya kwanza hakuwa akiigiza. Hoja hii ni sahihi, na inaipa nguvu hoja kuu badala ya kuidhoofisha. Mpango wa uongo mtupu usingefanya kazi. Utawala ulihitaji furaha halisi, kwa sababu furaha halisi ndiyo inayozaa shukrani, na shukrani ndiyo inayoziba mdomo. Ley hakuficha lengo lake. Alieleza mara nyingi kwamba anataka taifa lenye mishipa imara, tayari kwa kazi kubwa iliyo mbele. Mfanyakazi aliyenyang'anywa chama chake cha kumtetea alirudishiwa picha ya Madeira, na wapo wengi walioona biashara hiyo si mbaya. Kukiri kwamba walifurahi si kuwatetea wala kuwashitaki. Ni kutambua tu kwamba chambo kisicho na ladha hakimnasi samaki.

Kama bado kuna anayeshuku kwamba likizo na siasa zililala kitanda kimoja, matukio mawili yatamtoa wasiwasi. Tarehe 10 Aprili 1938, Ujerumani ilipopiga kura ya kuhalalisha kutwaliwa kwa Austria, Wilhelm Gustloff ilitia nanga karibu na Tilbury, nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza, ikawa kituo cha kura kinachoelea. Wajerumani 1,172 na Waaustria 806 waliokuwa wakiishi Uingereza walipelekwa melini kwa mashua. Kura 1,968 zilikubali, kumi zikakataa. Picha zilionyesha watu wakipata chakula kizuri na kurudi nchi kavu wakitabasamu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1939, meli hiyohiyo pamoja na dada yake Robert Ley na nyingine za mpango ule ziliwachukua kutoka Vigo, Hispania, askari wa Kijerumani wa Kikosi cha Condor waliopigana katika vita vya huko, wale ambao ndege zao ziliubomoa mji wa Guernica mwaka 1937. Walirudi nyumbani wakilala katika vitanda vya watalii.

Waliporudi walirudi hadharani, lakini walipokwenda walikwenda kwa kificho, na kificho chenyewe kinavutia. Kundi la kwanza liliondoka Hamburg usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1936 wakiwa wamevaa kiraia na kuandikishwa kama wanachama wa kampuni ya kitalii ya kubuni, huku ndege zao zikiwa zimefungwa katika makasha ndani ya tumbo la meli. Meli iliyowachukua hadi Cádiz iliitwa Usaramo, mali ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, na jina lake ni la Uzaramo, nchi ya Wazaramo inayoizunguka Dar es Salaam. Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza Tanganyika, lakini majina ya huko yaliendelea kuelea kwenye ubavu wa meli zake kama hati za madai ambazo hazijachanwa. Kwa upande wa hoja yetu, lililo muhimu ni joho walilochagua wale askari. Walipotafuta namna ya kupeleka vita bila kuonekana, walijivika utalii, kwa sababu kufikia 1936 kundi la Wajerumani wanaosafiri pamoja kwa mpango lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna ambaye angegeuka kuwatazama.

Kuna pingamizi la tatu ambalo mtaalamu wa historia ya meli angeliweka mezani. Kila taifa liligeuza meli zake za abiria kuwa za kijeshi. Queen Mary ya Waingereza ilipakwa kijivu ikabeba maelfu ya askari wa Marekani kwa safari moja, na hakuna anayesema kwamba bendi yake ya kabla ya vita ilikuwa maandalizi ya vita. Pingamizi hili linatusaidia kuweka mipaka. Si kweli kwamba Wilhelm Gustloff ilikuwa manowari iliyofichwa ndani ya nguo za sherehe. Meli ya maili 15.5 kwa saa, isiyo na silaha, ingekuwa manowari ya kuchekesha. Tofauti iko kwenye mwenye mali na mnunuzi. Queen Mary ilijengwa ili mwenye fedha alipe na kampuni ipate faida, na serikali ikaikopa vita vilipofika. Wilhelm Gustloff haikuwahi kuwa na mteja kwa maana hiyo. Iligharimiwa na chombo cha utawala, ikabeba watu waliochaguliwa na ofisi za utawala, kwa malipo ambayo hayakutosha kuiendesha, ili watu hao wawe vile utawala ulivyotaka wawe. Vita vilipoanza Septemba 1939 haikukopwa na mtu. Ilibaki kwa mwenyewe, ikapangiwa zamu nyingine.

Zamu hizo zilifuatana upesi. Safari zake za matembezi hazikufika miezi kumi na minane. Kwanza ikawa meli ya hospitali katika Baltiki na Norway. Novemba 1940 ikapelekwa Gotenhafen, mji ambao leo ni Gdynia nchini Poland, ikapakwa kijivu na kufanywa bweni la wanafunzi wa nyambizi wa Kikosi cha Pili cha Mafunzo. Ilikaa hapo gatini zaidi ya miaka minne, injini zake zikiwa zimelala. Tuliangalie hili kwa jicho la fundi: meli iliyochorwa kulaza watu wengi kwa usawa, yenye kumbi za kulishia mamia kwa zamu na vipaza sauti kila pembe, ni kambi bora kabisa. Hakuna kuta zilizohitaji kubomolewa. Muundo uliosifiwa kwa kuondoa matabaka ndio uliomfaa ofisa aliyetaka kuwapanga vijana kama matofali.

Januari 1945 majeshi ya Kisovieti yaliivunja ngome ya mashariki, na jeshi la majini la Ujerumani likaanza Operesheni Hannibal ya kuhamisha watu kwa njia ya bahari. Wakimbizi walifurika Gotenhafen kupitia theluji, wengi wao wanawake na watoto. Daftari la kwanza la Wilhelm Gustloff liliorodhesha watu 6,050: wanajeshi 918 wa kikosi cha nyambizi, wasaidizi wa kike 373, mabaharia 173, majeruhi 162 na wakimbizi 4,424. Kisha watu wakaendelea kupanda na kalamu ikachoka. Heinz Schön, aliyekuwa mhasibu msaidizi ndani ya meli, akanusurika na kutumia maisha yake yote kuichunguza, alifikia hesabu ya watu 10,582, katika chombo kilichojengwa kwa watu wasiofika 1,900. Baadhi ya boti za uokozi zilikuwa zimekwisha chukuliwa kwa kazi nyingine za bandarini. Juu ya daraja la kuongozea walikuwapo manahodha wanne, na hawakuelewana. Wilhelm Zahn wa jeshi la majini alitaka mwendo mkubwa na njia ya kina kifupi kando ya pwani. Friedrich Petersen, nahodha wa meli, aliogopa mabomu ya baharini na hakuziamini injini zilizolala miaka minne, akachagua maji ya kina. Jioni ilipokuja habari kwamba meli za kufagia mabomu zinakuja mbele, taa za njia zikawashwa ili wasigongane.

Taa hizo zilionwa na nyambizi ya Kisovieti S-13 ya Alexander Marinesko. Iliizunguka meli ikajiweka upande wa nchi kavu, ambako hakuna aliyetarajia adui, na baada ya saa tatu usiku ikafyatua. Ilikuwa tarehe 30 Januari, siku ya kuzaliwa ya Gustloff mwenyewe na siku Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933. Hotuba ya Hitler ya kumbukumbu ilikuwa imerushwa jioni hiyo kwa vipaza sauti vya meli. Sasa kila sifa ya kale ikageuka. Malango ya kuzuia maji yalifungwa mbele, yakawafungia humo mabaharia waliokuwa mapumzikoni, ndio waliojua kushusha boti. Winchi zilikuwa zimeganda kwa barafu. Njia ya matembezi iliyozungushiwa vioo, fahari ya 1938, ikawa tangi ambalo watu waliona maji yakipanda nje wasiweze kutoka. Ngazi pana zilizotengenezwa kwa ajili ya umati unaokwenda kula zilijaa umati unaokanyagana. Ndani ya saa moja na dakika chache meli ilizama. Waliookolewa walikuwa kama 1,250. Kwa hesabu ya Schön, zaidi ya watu 9,000 walikufa, idadi kubwa kuliko ya meli nyingine yoyote moja inayojulikana, na karibu mara sita ya Titanic. Saa kadhaa baadaye meli ya doria VP-1703 ilikuta boti iliyojaa maiti zilizoganda, na kati yao mtoto mchanga amefungwa blanketi, yu hai.

Pingamizi la mwisho ni la kiutu. Je, kusema kwamba meli ile ilikuwa chombo cha dola tangu mwanzo si kuwaambia wale watoto kwamba walistahili? La hasha. Mtoto aliyebebwa mgongoni kutoka Königsberg hakupiga kura Tilbury wala hakumshangilia Ley. Hoja inaelekezwa kwa waliomweka mahali pale: utawala uliowakataza raia kuhama mapema hadi siku ya mwisho, kisha ukawachanganya na kikosi cha nyambizi ndani ya meli ya kijivu yenye mizinga ya kutungulia ndege, isiyo na alama ya hospitali. Kwa sheria za vita za wakati ule meli hiyo ilikuwa shabaha halali, na wanasheria wengi wamekataa kuuita uzamishaji huo uhalifu. Uhalali wa shabaha haupunguzi ukubwa wa msiba. Marinesko naye hakupewa heshima aliyoitaka. Alikuwa na sifa ya ulevi na utovu wa nidhamu, na cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti alikipata mwaka 1990, miaka mingi baada ya kufa. Huko Ujerumani Mashariki msiba haukutajwa, na Magharibi ulitajwa kwa sauti ya chini, mpaka Günter Grass alipoufanya kiini cha riwaya yake Im Krebsgang mwaka 2002, akionya kwamba kimya cha watu wa kawaida huwaachia wenye chuki hadithi waisimulie wapendavyo.

Onyo hilo ndilo linalofanya suala la rangi tatu kuwa la leo. Anayekisimulia kipande cha pili peke yake anawapata Wajerumani wasio na hatia na bahari katili. Anayekisimulia cha kwanza peke yake anapata likizo nzuri. Wote wawili wanaruka swali la gatini: nani hakuruhusiwa kupanda? Wiki ileile watu walipokuwa wakigombea nafasi Gotenhafen, wafungwa wa kambi ya Stutthof, iliyo jirani na Danzig, walikuwa wakiswagwa kwa miguu kwenye theluji tangu tarehe 25 Januari, na wengi waliangukia njiani. Wafungwa walipopandishwa meli ya anasa hatimaye, ilikuwa Cap Arcona katika ghuba ya Lübeck, ambako maelfu walifungiwa na walinzi wao hadi ndege za Waingereza zilipoishambulia tarehe 3 Mei 1945 bila kujua waliomo. Meli nyeupe ya daraja moja ilikuwa na daraja la pili muda wote. Halikuwa ndani ya meli, ndiyo maana halikuonekana kwenye picha.

Basi msomaji anapoonyeshwa chombo chochote kikubwa cha dola, kiwe meli, uwanja au treni mpya, na kuambiwa kwamba humo wananchi wote ni sawa, asitazame viti kwanza. Aulize kilijengwa kwa fedha zilizotoka wapi, kinabeba jina la nani, na ni kina nani wameachwa nje ya lango. Mabaki ya Wilhelm Gustloff yamelala kwenye kina kisichofika mita 50 karibu na pwani ya Poland, ni kaburi la vita, na wapiga mbizi hawaruhusiwi kuyasogelea bila kibali. Kwenye ramani za baharini za Poland jina la shahidi wa chama limeondolewa. Pameandikwa Kizuizi Namba 73.